Kishona nguo: kichume lini, kiandae vipi, kisitumike wapi

Mbegu nyeusi za kishona nguo zikishaanza kung'ang'ania kwenye pindo la suruali, kwa anayetafuta dawa muda umeshapita. Majani ya mmea uliofikia hapo ni makavu, uchungu wake unabana ulimi, na mengi yameshaliwa na wadudu au kupata madoa ya ukungu. Kinachotakiwa ni mmea wa wiki chache nyuma, ambao vichwa vyake vya maua bado ni vifundo vya kijani, au viwili vitatu tu ndivyo vimefunguka na kuonyesha njano. Wakati huo wa kuchuma, pamoja na mahali unapochumia, vina uzito kuliko kipimo chochote cha vijiko. Wengi wanaolalamika kwamba majani haya hayafanyi kazi walichuma mmea mzee, wakauanika juani, kisha wakauchemsha saa nzima. Kilichobaki hapo ni maji machungu yenye rangi ya chai.

Jina lake la kitaalamu ni Bidens pilosa, alilolichapisha Carl Linnaeus mwaka 1753. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, lakini leo huota karibu kila nchi yenye joto: mashambani, pembeni mwa njia, juu ya vifusi, popote udongo ulipochokorwa. Mmea mmoja hutoa mbegu elfu kadhaa, kwa hiyo usiogope kukimaliza. Mwogope zaidi jirani atakayekulaumu kwa kukiacha kikakomaa.

Hakikisha ndicho

Viringisha shina kati ya vidole: utasikia pembe nne. Majani hukaa jozi jozi, moja likitazamana na lenzake kwenye kifundo kimoja. Yale ya chini kabisa huweza kuwa mazima, lakini ya juu yamegawanyika vipande vitatu, mara nyingine vitano, kile cha katikati kikiwa kikubwa kuliko vyote, na kingo zake zina meno kama ya msumeno. Ua ni kitufe cha njano. Baadhi ya mimea ina petali nyeupe nne hadi nane kuzunguka kitufe hicho, mingine haina hata moja, na yote miwili ni kishona nguo halali. Mbegu ni nyembamba, urefu wa milimita 4 hadi 13, na kwenye ncha ina miiba miwili au mitatu. Ukiiangalia kwa kioo cha kukuzia utaona kila mwiba una vinyoya vigumu vinavyoelekea nyuma. Hivyo ndivyo vinavyonasa, na ndivyo vinavyokwaruza koo kama hukuchuja vizuri.

Makosa hutokea kwa mimea michanga isiyo na ua. Wa kwanza wa kuchanganywa nacho ni Ageratum conyzoides. Nayo majani yake hukaa jozi, ila hayagawanyiki, yamejaa vinyoya laini, na ukiyasugua hutoa harufu kali ya beberu. Maua yake ni ya samawati au meupe, manyoyamanyoya. Mmea huo una alkaloidi za pirolizidini, kundi la sumu zinazoharibu ini polepole. Mtu anaweza kunywa siku nyingi bila kuona lolote, na dalili zije ini likiwa limeshaumia. Wa pili ni gugu karoti, Parthenium hysterophorus, ambalo majani yake yamekatikakatika vipande vyembamba na hayakai jozi. Hilo huwasha ngozi na kuamsha pumu hata kwa kulishika tu.

Kanuni ninayoishikilia bila kuilegeza ni hii: kama kundi lile la mimea halina hata mmoja wenye ua au mbegu ya kukuthibitishia, usichume kwa ajili ya kunywa. Kwa kubandika juu ya ngozi ukikosea utawashwa. Kwa kunywa ukikosea madhara ni makubwa zaidi.

Mahali pa kuchumia

Hapa ndipo watu huchukulia mambo kirahisi mno. Kishona nguo ni miongoni mwa mimea inayofyonza kadmi, metali nzito yenye sumu, kutoka kwenye udongo na kuirundika kwenye shina na majani kwa wingi usio wa kawaida, kiasi kwamba watafiti wameipima kama njia ya kusafisha ardhi iliyochafuliwa. Sifa hiyo ni nzuri kwa udongo na mbaya kwa kikombe chako. Kadmi hukaa ndani ya figo kwa miaka mingi, na hukusanyika kidogo kidogo.

Kuosha majani hakuitoi, kwa sababu haiko juu ya jani bali ndani yake. Kwa hiyo usichume karibu na jalala, mfereji wa maji machafu, gereji, machimbo, mahali palipochomwa betri au vyuma, wala kando ya barabara yenye magari mengi. Shamba linalopuliziwa dawa za magugu au wadudu nalo si la kuchumia, na shida ni kwamba mmea uliopuliziwa jana bado unaonekana mzima kabisa leo. Majani yakiwa na kingo zilizogeuka njano wakati katikati ni kijani, au ncha zimejikunja upande mmoja, achana nayo.

Njia ya uhakika ni kukipanda mwenyewe kwenye udongo unaoujua. Tawanya mbegu juu ya udongo bila kuzifukia sana, mwagilia, na kila ncha ikifikisha vifundo vya maua uikate. Mmea utatoa matawi mapya ya pembeni na utaendelea kukupa majani machanga badala ya kukimbilia mbegu.

Ukichuma, kata sentimita 10 hadi 15 za juu kwa mkasi au kisu. Usivute, maana mizizi itakuja na udongo, na udongo ndio ule tunaoukwepa kwenye kidonda.

Jeraha dogo na mkwaruzo

Haya ndiyo matumizi ninayoyaamini kuliko yote. Jani lina tanini, zinazokaza ngozi na kusaidia damu kuganda juu juu, na lina poliasetilini, kemikali ambazo kwenye maabara huua bakteria na kuvu. Hata hivyo, poliasetilini hizo hazidumu. Mwanga, joto na hewa huzivunja. Ndiyo maana jani bichi lililopondwa sasa hivi lina kazi ambayo jani lililokaa kutwa mezani halina.

Kwanza osha jeraha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Kisha libane kwa kitambaa safi dakika tano hadi kumi bila kufunuafunua; kubana ndiko kunakozuia damu, na jani ni msaidizi tu. Wakati mtu mwingine anabana, chukua majani machanga 10 hadi 15, yaoshe mara mbili, yakung'ute maji, uyaponde kwenye kinu kilichomwagiwa maji ya moto. Usiongeze maji. Yakiwa makavu mno, weka matone machache ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Utaona rangi ikigeuka kutoka kijani kibichi kuwa kijani cheusi na majani yakianza kushikamana, hapo yametosha. Kamua matone kadhaa juu ya jeraha, bandika majani yaliyopondwa kwa unene wa milimita mbili au tatu, funika kwa kitambaa safi, funga bila kukaza.

Badilisha baada ya saa nne hadi sita, na usilale nayo. Majani yaliyopondwa na kufungwa kwenye joto la mwili huanza kuoza, na asubuhi utafungua harufu mbaya na ngozi nyeupe iliyolowa. Ukitaka kuendelea, pumzisha jeraha usiku likiwa kavu, asubuhi bandika mapya. Siku mbili zinatosha. Kigaga kikishatengenezwa, kukibandika tena ni kukilowesha bure.

Kuna tabia ya kutafuna majani mdomoni na kuyatema juu ya kidonda kwa sababu kinu hakipo karibu. Mdomo umejaa bakteria ambao kwenye nyama iliyo wazi ni balaa, kwa hiyo afadhali ubane kwa kitambaa peke yake mpaka ufike nyumbani.

Lingine ambalo halisemwi sana: mojawapo ya poliasetilini za majani haya, fenilheptatriini, huzidi ukali ikipigwa na miale ya jua. Kwenye maabara imeonekana kuua vijidudu vizuri zaidi chini ya mwanga wa urujuanimno, na mwanga huohuo unaweza kuifanya ichome ngozi yako. Funika sehemu uliyobandika, na ukimaliza ioshe kabla ya kutoka juani. Mtu anayepaka maji ya majani usoni kwa ajili ya chunusi kisha anakwenda shambani asishangae akirudi na mabaka.

Majeraha ya kuacha kabisa: la kina, la msumari au bati lenye kutu, la kung'atwa na mnyama, lililoungua na kutoa malengelenge makubwa, na lolote la mgonjwa wa kisukari mguuni. Jani halizuii pepopunda wala kichaa cha mbwa. Hayo ni ya chanjo, na saa zinahesabika.

Chai ya tumbo

Kwa tumbo linalokoroga, gesi, au kuharisha kwepesi kwa mtu mzima, tumia kijiko kikubwa kimoja cha majani makavu, gramu mbili hadi tatu, au kiganja kimoja cha majani mabichi yaliyokatwa, kama gramu 10 hadi 15. Weka kwenye chombo chenye mfuniko, mimina mililita 250 za maji yaliyotoka kuchemka, funika, subiri dakika 10. Mfuniko una kazi yake: ukiuacha wazi, sehemu ya harufu na nguvu hupotea na mvuke. Chuja kwa kitambaa, si kwa chujio la matundu makubwa, kwa sababu ya vinyoya na mbegu. Kikombe kimoja mara mbili kwa siku, baada ya kula, kwa siku tatu.

Chai iliyotoka vizuri ina rangi ya njano ya kijani na ukavu mwepesi ulimini. Ikiwa kahawia iliyokolea na inakausha mdomo mzima, umeilaza muda mrefu au umezidisha majani. Tanini zikizidi husababisha kichefuchefu na kufunga choo. Shina gumu na mizizi ndivyo vinavyohitaji kuchemshwa, gramu 15 hadi 20 kwa mililita 500, moto mdogo, dakika 15. Majani hayahitaji hivyo, na ukiyachemsha kwa muda huo utapata tanini nyingi na vingine vichache.

Kuharisha huua kwa kukausha mwili, na chai hii hairudishi chumvi iliyopotea. Anayeharisha anywe kwanza maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote viwe vya kusawazishwa. Chai iwe ya pembeni. Kukiwa na damu kwenye choo, homa kali, macho yaliyozama, au kuharisha kulikopita siku mbili, acha majani na uende kwa mganga wa hospitali. Mtoto mdogo asipewe kabisa. Mwili wake hukauka kwa saa chache, na muda unaotumika kuchuja majani ndio huohuo aliohitaji kufikishwa kituoni.

Chai hiyohiyo ikitengenezwa kwa vijiko viwili badala ya kimoja, ikapoa na kuongezwa chumvi kidogo, hufaa kwa kusukutua koo linalowasha au fizi zinazotoka damu. Nusu dakika, tema, mara tatu kwa siku.

Kuna pia wanaodondoshea maji ya majani machoni na masikioni. Jicho ni la maji safi tu, na huwezi kujua kwa kuangalia nje kama ngoma ya sikio ina tundu. Usifanye.

Presha, sukari na malaria

Haya matatu ndiyo yanayokifanya kishona nguo kisifiwe kupita kiasi, na msingi upo, ila ni mwembamba kuliko sifa. Watafiti wa Taiwan walitenga poliasetilini iitwayo sitopiloini na kuona ikishusha sukari kwa panya wenye kisukari. Watafiti wa Kameruni waliona dondoo la majani likishusha presha kwa panya waliolishwa sukari nyingi ya fruktosi. Mwaka 1997 utafiti wa Brazili ulionyesha dondoo za mmea zikipambana na vimelea vya malaria kwenye maabara na kwa panya, na nguvu hiyo ikahusishwa na poliasetilini zake na flavonoidi, kundi jingine la kemikali za mimea. Zingatia neno dondoo. Ni kitu kilichokolezwa, kikapimwa kwa kila kilo ya uzito wa mnyama. Kikombe chako hakifanani nacho, na kikombe cha leo hakifanani na cha jana, kwa kuwa majani ya udongo tofauti na umri tofauti yana viwango tofauti.

Kwa malaria jibu ni fupi: kipimo, kisha dawa kamili. Vimelea vikipungua nusu homa inaweza kutulia siku moja na kurudi ikiwa imepanda kichwani.

Kwa kisukari na presha hatari iko upande mwingine pia. Anayemeza vidonge vya sukari au kujidunga insulini akiongeza chai hii anaweza kushuka kupita kiasi: jasho baridi, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Anayemeza vya presha anaweza kupata kizunguzungu akisimama ghafla. Kama mtu ameamua kunywa hata hivyo, amwambie anayemtibu na apime kila siku, asiache vidonge kwa kuwa amejisikia vizuri wiki moja. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, awe mwangalifu kama anavyokuwa na mboga zote za majani ya kijani, kwa sababu ya vitamini K, ambayo husaidia damu kuganda. Mjamzito na anayenyonyesha wasinywe. Na anayepata mzio kwa alizeti, kamomili au krisanthemumu ajue kwamba hiki ni cha ukoo mmoja nazo: apake kidogo ndani ya kiwiko, asubiri siku nzima kabla ya lolote.

Kama mboga, majani machanga huchemshwa dakika tano hadi kumi kwa maji mengi, maji yale yakamwagwa, kisha yakakamuliwa na kuungwa. Kwa chakula cha mara moja moja sina neno. Kula kila siku kwa miezi ni jambo jingine. Majani yana silika, chembe ngumu zinazokwaruza, na majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 1985 yalionyesha kwamba panya waliokuwa wamepewa kemikali ya kuanzisha saratani ya umio walipata uvimbe zaidi walipolishwa kishona nguo. Matokeo ya panya hayathibitishi jambo kwa binadamu, lakini yanatosha kumfanya mtu abadilishe mboga.

Kukausha, na mafuta ya kupaka

Chuma asubuhi umande ukishakauka. Tandaza kivulini kwenye wavu au kitambaa, unene usizidi sentimita mbili, hewa ipite chini na juu, geuza mara mbili kwa siku. Siku nne hadi saba yatakuwa tayari: jani huvunjika kwa mlio, na shina dogo hukatika badala ya kupinda. Gramu 100 za majani mabichi hubaki kama gramu 15. Yakikauka yakabaki na kijani, umefaulu. Yakiwa ya kahawia ama yamepigwa jua au yalirundikwa yakajipasha joto. Yakitoa harufu ya uvundo, hata kama hauoni ukungu, tupa. Hifadhi majani mazima kwenye chupa kavu isiyopitisha mwanga, andika tarehe, yatumie ndani ya miezi sita, na yavunje siku ya kuyatumia.

Mafuta ya kupaka yanafaa kwa muwasho wa kuumwa na wadudu na ngozi iliyopasuka. Yanyaushe majani kivulini saa 24 kwanza. Maji yakiingia kwenye mafuta huleta ukungu, na chupa iliyofungwa yenye majani mabichi ndani ni mazingira mazuri kwa vijidudu vibaya kuliko ukungu. Tumia gramu 20 za majani yaliyonyauka kwa mililita 100 za mafuta ya nazi au alizeti, kwenye bakuli lililokaa juu ya sufuria ya maji yanayofuka mvuke bila kuchemka kwa nguvu, saa mbili. Ukisikia mafuta yanachatachata, majani yalikuwa bado na maji. Endelea kwa moto uleule mpaka sauti ikome. Chuja kwa kitambaa na ukamue, acha yatulie usiku mmoja, kisha mimina yaliyo juu na uache tope la chini. Ukitaka marhamu badala ya mafuta, yeyushia gramu 10 hadi 12 za nta ya nyuki. Dondosha tone kwenye sahani baridi: likiwa laini mno ongeza nta kidogo, likiwa gumu ongeza mafuta. Paka jioni, jua likishatua.